Umegongwa na gari Nairobi? Hatua za kudai fidia mpaka pesa zifike

Madai mengi ya fidia hayafii kortini. Hufa wiki ya kwanza, majeruhi akiwa bado wodini, jamaa wakichangishana pesa za dawa kwenye M-Pesa, na hakuna hata mmoja wao aliyeandika nambari ya gari. Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili hapa jijini. Kazi yangu ni kupokea watu na kufungua faili. Faili nene si lazima ishinde. Inayoshinda ni ile ambayo nambari ya gari, tarehe ya ajali na jina la majeruhi vinafanana katika kila karatasi.

Kuna jambo lieleweke kabla ya mengine. Kuumia peke yake hakukupi haki ya kulipwa. Sharti uonyeshe kwamba dereva alizembea: alikimbiza gari, alipita mwenzake pasipofaa, aling'oa matatu wewe ukiwa na mguu mmoja chini na mwingine kwenye ngazi. Hilo likithibitika, wanaowajibika ni dereva na mwenye gari, na kwa kawaida anayetoa pesa ni kampuni ya bima, kwa maana Sura ya 405 ya sheria za Kenya inalazimisha gari linaloingia barabarani liwe na bima ya kuwakinga watu wanaoweza kuumizwa nalo. Anayeweza kudai ni abiria wa matatu, mtu wa miguu, mwendesha baiskeli, aliyepakiwa na bodaboda, hata dereva wa gari lingine ikiwa kosa halikuwa lake.

Ila kuna abiria ambao bima hiyo ya lazima haiwagusi. Sheria inawakinga waliolipa nauli na wanaobebwa kwa sababu ya kazi yao ya kuajiriwa. Uliyepewa lifti ya bure nyuma ya pikapu, bima inaweza kukukana. Bado unaweza kumshtaki dereva na mwenye gari, lakini hapo unategemea mfuko wao.

Hatua ya 1: Palepale barabarani

Ukiwa na fahamu, au kama uko na mtu, picha ya kwanza iwe ya nambari ya gari. Ya pili ni ya stika ya bima kwenye kioo cha mbele: jina la kampuni, nambari ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kama ni matatu, andika na jina la sacco. Magari mawili yakigongana, chukua nambari za yote mawili, hata kama unaona wazi nani mkosaji. Kortini kila dereva humsukumia mwenzake, na ukiwa umeshtaki mmoja tu unaweza kujikuta umeshtaki asiyehusika.

Kisha mashahidi. Mama anayechoma mahindi pale steji aliona kila kitu, na kesho atakuwa palepale. Mwombe jina na nambari ya simu. Angalia pia kama kuna kamera kwenye kituo cha petroli au duka lililo karibu, na uende kuomba mapema kwa sababu mitambo mingi hurekodi juu ya picha za zamani.

Sheria ya Trafiki inamtaka dereva asimame, atoe jina na anwani, na aripoti polisi ndani ya saa 24 ikiwa mtu ameumia. Wengi husimama. Tatizo ni yule mpole, anayekwambia, "Boss, pole sana, tusisumbue polisi, shika hii ya dawa na nambari yangu, tutaongea." Akikupeleka hospitali, mshukuru na umwache akupeleke. Lakini nambari ya simu haiwezi kushika mahali pa nambari ya gari. Ukitoka hospitali, simu hiyo huwa "mteja hapatikani."

Hatua ya 2: Hospitali

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Iwe Kenyatta, Mama Lucy au Mbagathi, wewe nenda utibiwe, hata kama mfukoni huna kitu.

Ukifika mbele ya muuguzi, sema kwa sauti: ajali ya barabarani. Kisha taja kila mahali panapouma, hata pale unapodhani ni pa kupuuza. Nimewaona watu wengi wakija na mkono uliovunjika umeandikwa vizuri kabisa, halafu wanalalamika goti. Goti halimo kwenye karatasi ya siku ya ajali. Wakili wa bima atauliza swali moja tu: goti hili liliumia wapi, kwenye matatu au kwenye mpira wa Jumapili? Na jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ukiitwa Mama Brayo mtaani, siyo hospitali.

Weka kila karatasi: kadi ya matibabu, ripoti ya eksirei pamoja na picha yake, karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na risiti. Gharama ulizotumia hazikadiriwi. Mahakama inataka kila shilingi itajwe kwenye madai na ithibitishwe. Duka la dawa likikwambia "ujumbe wa M-Pesa unatosha," ng'ang'ana upate risiti yenye muhuri. Zile risiti laini za mashine hufutika maandishi baada ya miezi michache, na mimi nimepokea bahasha nzima ya vikaratasi vyeupe vitupu. Zipige kopi wiki hiyo hiyo. Teksi ya kukupeleka kliniki nayo ina risiti, ukiiomba.

Hatua ya 3: Polisi, na karatasi moja ya kusoma mara mbili

Ripoti katika kituo kinachosimamia barabara hiyo. Ajali iliyotokea Thika Road haitaandikwa Kayole kwa sababu eti unakaa Kayole. Kama umelazwa, ndugu yako anaweza kwenda kwa niaba yako. Asitoke kwenye kaunta bila nambari ya OB, yaani nambari ya taarifa yako kwenye kitabu cha matukio. Tangu siku hiyo, kila ukirudi ni hiyo nambari utakayoulizwa.

Baadaye utahitaji abstrakti ya polisi, yaani muhtasari rasmi wa ajali unaotolewa na kituo. Hapa ndipo subira hupimwa. Utaambiwa afande wa trafiki anayeshika faili yako yuko kortini, rudi Jumatatu. Jumatatu yuko kwenye ajali nyingine. Uliza jina lake na zamu yake, uende asubuhi mapema. Karatasi hii hailipiwi. Fomu ya P3, nitakayoieleza hapa chini, pia haiuzwi.

Ukiipata abstrakti, usiikunje uweke mfukoni kwa furaha. Simama hapo hapo kwenye kaunta usome mstari kwa mstari. Nambari ya gari: herufi moja tu, KDG ikiandikwa KDC, na umemshtaki mtu wa Eldoret ambaye gari lake halijawahi kufika Nairobi. Tarehe ya ajali: ilingane na ile ya kadi ya hospitali. Jina lako. Wewe ulikuwa nani: abiria, mtu wa miguu au dereva; kuna waliokuwa abiria wakaandikwa watu wa miguu, na dai likapinda kuanzia hapo. Jina la mwenye gari na la dereva. Kampuni ya bima na nambari ya bima. Kosa likirekebishwa siku hiyo ni kazi ya dakika tano. Likigunduliwa na wakili wa upande wa pili mwaka unaofuata, utaitwa mwongo mbele ya hakimu.

Mara nyingi abstrakti itasema uchunguzi unaendelea. Hilo halikuzuii kudai. Kesi ya fidia na kesi ya jinai ni vitu viwili mbalimbali, na ya kwanza haingoji ya pili. Hata hivyo dereva akishtakiwa, tuseme Makadara au Milimani, chukua nambari ya kesi na uitikie wito wa kutoa ushahidi. Akihukumiwa na hukumu hiyo isimame, sheria ya ushahidi inaichukua kuwa thibitisho kamili kwamba alitenda kosa hilo.

P3 ni fomu ambayo daktari anaelezea majeraha yako kwa ajili ya kesi ya jinai, lakini huingia pia kwenye faili ya fidia. Ijazwe ukiwa bado una majeraha ya kuonyesha.

Hatua ya 4: Jua mwenye gari ni nani

Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za Serikali, kwenye huduma za NTSA, mamlaka inayosajili magari, uombe nakala ya rekodi za gari. Ada imekuwa shilingi 550. Sheria ya Trafiki inamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka kinyume chake kithibitishwe. Magari ya Nairobi huuzwa kwa makubaliano ya mdomo, yakabaki kwa jina la mtu wa tatu au wa nne nyuma. Ukijua kuna mnunuzi aliyekuwa nalo siku hiyo, mwambie wakili ili washtakiwe pamoja.

Hatua ya 5: Wakili, si broka

Wodi za majeruhi zina wageni wasio ndugu wa mtu. Huja wamevaa vizuri, na faili kwapani. "Mama, pole. Huyu kijana atalipwa, hata milioni. Weka sahihi hapa tu, wakili atakuja." Mama anaweka sahihi. Wakili haji. Faili inauzwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, na siku nyingine mama huyo anakuja kwetu kumbe tayari kuna kesi iliyofunguliwa kwa jina la mwanawe na mtu asiyemjua. Sheria ya Mawakili inakataza kutafuta wateja kwa njia hiyo. Anayekufuata kitandani tayari anavunja sheria ya kazi anayodai kuifanya.

Tafuta wakili mwenyewe. Kwenye tovuti ya Chama cha Wanasheria cha Kenya unaweza kuandika jina lake uone kama ana leseni ya mwaka huu. Mkutane ofisini kwake, si kwenye mkahawa. Akikwambia "usipolipwa sikudai, ukilipwa tunagawana nusu kwa nusu," jua kwamba sheria haiyatambui mapatano ya wakili kulipwa ikiwa tu kesi imeshinda. Ada zake zina kanuni. Muulize zinahesabiwaje, upewe kwa maandishi.

Usiyeweza kulipa, jaribu Kituo cha Sheria, kilicho Ole Odume Road, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Na uende mapema. Una miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi. Ukigongwa na gari la Serikali, lile la nambari za GK, muda ni miezi 12 tu. Barua za madai, mazungumzo na bima, ahadi za "tunashughulikia," hakuna hata kimoja kinachosimamisha saa hiyo. Ziko kampuni zinazojua kuongea kwa upole mpaka mwaka wa tatu uishe. Mtoto muda wake huhesabiwa tofauti, na mzazi humshtakia kwa niaba yake, lakini sioni faida ya kungoja mpaka mashahidi wahame mtaa.

Hatua ya 6: Ripoti ya daktari na kiasi unachodai

Wakili atakutuma kwa daktari wa kuandika ripoti ya kisheria: uliumia nini, umepona kiasi gani, umebaki na ulemavu wa asilimia ngapi, utahitaji matibabu gani mbele. Usiende mapema mno. Mfupa wenye chuma ndani bado una gharama ya kukitoa chuma hicho, na isipotajwa katika ripoti na katika madai hutalipwa. Kampuni ya bima nayo inaweza kukutaka uonwe na daktari wake. Nenda, na usiongeze wala usipunguze. Madaktari hao huwaona wagonjwa wa ajali kila siku, na kuchechemea kwa kuigiza hakuwapiti.

Unachodai kina mafungu. Kuna fidia ya maumivu na ulemavu, ambayo hakimu hupima kwa kuangalia watu walioumia kama wewe walilipwa nini. Michubuko na maumivu ya misuli yaliyopona huangukia makumi ya maelfu, pengine laki moja na zaidi kidogo. Mfupa uliovunjika hupanda. Kukatwa kiungo au kuumia uti wa mgongo ni hesabu nyingine kabisa. Kuna gharama ulizotumia, zile za risiti. Kuna matibabu ya mbele. Na kuna kipato ulichopoteza, hapa ndipo wachuuzi na watu wa jua kali huumia mara ya pili, kwa sababu hawana hati ya mshahara. Leta taarifa ya till ya M-Pesa, leseni ya kaunti, daftari la chama, risiti za kununua bidhaa Wakulima au Gikomba. Bila chochote, mahakama mara nyingi huangukia kima cha chini cha mshahara, ambacho kinaweza kuwa kidogo kuliko ulichokuwa ukipata.

Ujue pia kosa lako litahesabiwa. Hukufunga mkanda, hukuvaa helmeti, ulivuka Thika Road chini huku daraja la miguu liko hatua chache: hakimu anaweza kusema ulichangia, na fidia ikakatwa kwa kiwango hicho. Ukibebeshwa asilimia 30 kwenye fidia ya 500,000, unabaki na 350,000. Mwambie wakili wako ukweli huu mapema. Akiusikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa shahidi wa upande wa pili, hana la kukusaidia.

Hatua ya 7: Barua ya madai na ofa

Wakili humwandikia mwenye gari na bima barua ya madai. Bima ipewe pia taarifa ya kesi kwa wakati, maana isipopata taarifa inaweza kukataa kulipa hukumu. Dai dogo lenye karatasi safi linaweza kuishia hapa kwa maelewano, na si aibu kukubali. Ofa iliyo chini kidogo ya unachotarajia, ikilipwa mwezi huu, wakati mwingine inashinda hukumu kubwa ya miaka miwili ijayo.

Ila kabla ya kulipwa utapewa hati ya kusaini kwamba umepokea kiasi hicho na huna dai lingine. Ukishaisaini umefunga mlango, hata kama mwezi ujao daktari atagundua mfupa haukuunga. Usisaini ukiwa bado kliniki kila wiki. Usisaini hati ambayo nafasi ya kiasi iko wazi, hata ukiambiwa na wakili wako mwenyewe kwamba ni "taratibu tu."

Hatua ya 8: Kortini

Dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoko Milimani. Sheria yake ya mwaka 2016 inataja fidia ya majeraha miongoni mwa kazi zake, na inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia mwenyewe, na rufaa yake ni ya hoja za kisheria pekee. Siku 60 zina maana kwamba lazima uwe tayari siku ya kufungua: mashahidi, ripoti, risiti, vyote. Ukifungua ndipo uanze kutafuta abstrakti, umechelewa.

Kubwa zaidi huenda kwa mahakimu, ambako hakimu mkuu anaweza kusikiliza dai la hadi milioni 20. Nairobi kesi hufunguliwa mtandaoni, na vikao vingi ni vya video. Tafuta mahali penye intaneti na utulivu. Ushahidi uliotolewa ndani ya matatu haumpendezi hakimu yeyote. Ukiulizwa, eleza ulichoona. "Dereva alikuwa anakimbia" ni sawa. "Alikuwa na kilomita 120" na hukuona spidomita, utaulizwa ulizipima na nini.

Kwa waliofiwa, dai lipo pia, lakini familia lazima kwanza ipate idhini ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu kwa ajili ya kesi hiyo. Anzeni na barua ya chifu na cheti cha kifo.

Hatua ya 9: Kupata pesa

Bima ya lazima inalipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Hukumu ikizidi hapo, kinachobaki unamdai mwenye gari. Bima ikigoma kulipa hukumu, sheria inaruhusu kuishtaki yenyewe kwa kesi nyingine fupi ya kuilazimisha, na malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, Upper Hill.

Kinachotisha ni kampuni kuanguka. Bima za matatu zina historia mbaya: United ilikwama mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na walioshinda kesi walibaki na hukumu za kutundika ukutani. Ikitokea, peleka dai kwenye Hazina ya Fidia ya Wenye Bima, ukijua kwamba ina kikomo cha inacholipa, na usimwachilie mwenye gari kwa sababu hukumu ni yake pia.

Hundi kwa kawaida huandikwa kwa jina la ofisi ya wakili na kuingia kwenye akaunti ya wateja. Hiyo si dhambi. Unachotakiwa kupata ni karatasi inayoonyesha kiasi kilichoingia, ada iliyokatwa, gharama zilizolipwa na kinachobaki chako. Kumbuka kwamba ukishinda, upande ulioshindwa huamriwa pia kulipa gharama za kesi, kwa hiyo uliza kama nazo zimo kwenye hesabu. Ukizungushwa, andikia bima moja kwa moja uulize walilipa lini na kiasi gani. Huwa wana nakala ya hundi na ya hati uliyosaini. Ukiwa na hiyo mkononi nenda Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, Haile Selassie Avenue. Beba kitambulisho, nambari ya kesi na barua zote mlizoandikiana. Malalamiko hupokelewa bure.